Udaktari wa Meno: Safari Inayoanzia Kidato cha Nne

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yatangazwapo, walimu wa sayansi hutembelewa na kijana wa aina moja. Alama zake ni nzuri, lakini anahofu kwamba hazitatosha kumwingiza katika udaktari wa binadamu. Ndipo anapouliza, "Mwalimu, je, nijaze meno?" Neno "nijaze" ndilo la kuangaliwa. Kijana huyu hajachagua meno. Ameziba nafasi iliyokuwa tupu katika maombi yake. Makala haya yanamhusu yeye, na zaidi yanamhusu mdogo wake aliyeko Kidato cha Nne, ambaye bado ana wakati.

Nchini Tanzania mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Huchukua miaka 5, kisha hufuata mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi. Kwa atokaye Kidato cha Sita, sharti la msingi ni kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Aliyechukua Jiografia mahali pa Fizikia amekwisha kujifungia mlango, naye alifanya hivyo siku alipochagua mchepuo, pengine kwa kumfuata rafiki. Wenye stashahada ya tiba ya meno na ufaulu mzuri nao huweza kuomba, ila hiyo ni njia ndefu.

Mwanafunzi atauliza Fizikia ina uhusiano gani na meno. Kifaa cha kulegezea jino kabla ya kuling'oa ni wenzo, kama ule wa darasani. Kizibio cha jino nacho hutanuka kwa joto la chai na kusinyaa kwa maji baridi, wala si kwa kadiri ileile ya jino. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, ufa hutokea na uozo huanza upya. Tena enameli, tabaka la nje la jino, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini seli zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza. Kilichokatwa kimakosa hakioti tena.

Kwa sababu hiyo mkono wa mwombaji ni jambo la kupimwa mapema. Nchini Marekani mtihani wa kuingia vyuo vya meno uliwahi kuwa na zoezi la kuchonga chaki, ambalo liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mahali pake yakawekwa maswali ya kutambua maumbo. Zoezi lenyewe halina gharama. Mwalimu na ampe mwanafunzi kipande cha chaki na wembe, amsimamie, amwambie achonge mche wenye pembe mraba na pande zilizonyooka. Atakayekasirika baada ya dakika 10 amejifunza jambo kuhusu nafsi yake.

Yafaa pia kwenda hospitali ya wilaya na kuomba ruhusa ya kuona kazi inavyofanyika. Huko hukumu ya mwombaji hubadilika. Atawaona watu wa Arusha na miteremko ya Meru, ambao meno yao yalipata rangi ya kahawia utotoni kwa sababu ya floraidi nyingi katika maji. Huenda akasikia habari za watoto wachanga waliokwanguliwa fizi kwa imani ya "meno ya plastiki", homa na kuhara vikidhaniwa kutoka humo. Kazi hii, basi, ni ya kung'oa na kuziba, na ni ya kuelimisha pia.

Zimebaki karatasi, na hapa wengi huanguka bila sababu ya kitaaluma. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja katika chuo, si kwa mfumo mmoja wa pamoja ulioanza mwaka 2010. Jina lililoandikwa "Mohamed" katika cheti cha kuzaliwa na "Muhammad" katika cheti cha mtihani lisawazishwe mapema. Anayetarajia mkopo wa serikali huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na foleni ya uhakiki hurefuka sana matokeo yakisha kutoka. Tusingoje wakati huo. Mwisho, aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hupaswa kuthibitisha kimoja tu katika muda uliowekwa, kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu. Namba ya simu aliyoandika katika maombi iwe yake mwenyewe, si ya mjomba aliyesafiri.