Kabla ya kuita kirikuu, kaeni chini mhesabu

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi madhabahuni, lakini linagusa nyumba nyingi: kuhama nyumba ukiwa na familia.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tumepanga Mbagala kwa sh150,000 kwa mwezi. Nyumba ilitutosha, ila mimi niliona aibu wenzangu wa kazini wakija kutembea. Nikapata nyumba ya sh250,000 Kimara. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, sh1,500,000. Dalali naye alitaka ya mwezi mmoja, sh250,000. Hapo gari na wapakiaji bado. Akiba yangu ilikuwa sh1,300,000. Iliyobaki niliichota kwenye fedha ya ada, na mama watoto sikumwambia.

Wiki ya tatu, binti yetu alirudishwa kutoka shule. Usiku ule mke wangu aliniuliza kwa sauti ya chini, “Baba, ile hela ya ada iko wapi?” Nilikuwa nimekaa kwenye sebule nzuri yenye vigae, na sikuwa na jibu. Mtoto alikaa nyumbani siku kumi na moja. Ada ililipwa baadaye, lakini ile imani ya mke wangu kwangu ilichukua muda mrefu zaidi kurudi.

Katika Luka 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Anauliza kama mtu huyo hataketi kwanza kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza na watu wakamcheka. Pale Yesu anafundisha gharama ya kumfuata, lakini ametumia mfano ambao kila mwenye familia anauelewa. Mimi sikuketi. Na kama niliketi, niliketi peke yangu.

Tulipohama tena, tuliketi wote, na watoto wakiwepo. Mke wangu alishika kalamu. Tuliandika kodi, udalali, gari, wapakiaji, na nauli za kila siku za shule na kazi. Hapo tuligundua kwamba nyumba ya kodi ndogo iliyo mbali ingetugharimu zaidi, kwa sababu watu wanne wangepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Ada tuliiweka pembeni kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Hiyo haikuguswa.

Nyumba tuliipata kupitia mama mmoja wa jumuiya yetu, hivyo hapakuwa na dalali. Ukilazimika kumtumia dalali, mpatane malipo yake kabla hajaanza kukuzungusha, na mkataba na mwenye nyumba uandikwe. Tulihama katikati ya mwezi, siku ya kazi, wakati wenye magari hawana wateja wengi. Kwenye LUKU tulinunua umeme wa siku chache tu, maana uniti zinazobaki kwenye mita huwezi kuzihamisha.

Kisha tukapunguza vitu. Mwanzo 13 inatueleza kwamba mali za Abramu na Lutu zilikuwa nyingi hadi nchi ikashindwa kuwatosha pamoja, na wachungaji wao wakagombana. Sisi tulikuwa na kabati lililovunjika mlango, viti viwili vya miguu mitatu na magunia ya nguo ambazo hakuna aliyezivaa. Vingine tuliuza, nguo nzuri tukawapa wenye uhitaji. Mzigo uliobaki uliingia kwenye kirikuu safari moja badala ya mbili.

Maboksi hatukununua. Kutoka 12 inasema Waisraeli walipotoka Misri walifunga vyombo vyao vya kukandia unga ndani ya nguo, wakavibeba mabegani. Nasi sahani tulizifunga kwa khanga na mashuka, sufuria zikaingia kwenye ndoo. Vijana wa jumuiya walipakia, tukawapikia pilau. Mapazia mapya yalisubiri miezi miwili, na hakuna aliyekufa kwa kukosa pazia.

Jambo la mwisho linahusu tunakotoka. Wako wanaookoa fedha kwa kuhama usiku, wakiacha deni la duka, bili ya maji na kodi ya mwezi. Huko ni kumwibia jirani. Paulo katika Warumi 13 anatuagiza tusiwe na deni kwa mtu isipokuwa deni la kupendana. Lipa, fagia nyumba, waage majirani, ondoka mchana.

Mpendwa, huenda wiki hii unatafuta nyumba. Jiulize kwanza: tunahama kwa sababu familia inahitaji, au kwa sababu mimi naona aibu? Halafu mwite mwenzako, fungua daftari, mwambie ukweli wote, hata ule wa deni usilowahi kumtajia. Ombeni pamoja kabla ya kumpigia mtu wa gari. Fedha unayoweza kuokoa kwa kupatana na dereva ni ndogo. Iliyo kubwa huokolewa pale mezani, baba na mama wasipofichana kitu.

Bwana awatangulie mwendako. Amina.