Kumsaidia Mwenza Kuchagua Gari: Barabara za Ifakara, Kodi na Jina Litakaloandikwa Kwenye Kadi

Ifakara, Morogoro

Kwa miaka mingi, familia ya Ifakara iliyofikiria kununua gari haikuwa na mengi ya kuchagua. Barabara ya kutoka Kidatu ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, hivyo gari lililofaa lilikuwa lile la juu, zito na lenye nguvu. Leo kilomita 66.9 za barabara hiyo zina lami, na tangu mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, linavusha magari juu ya Mto Kilombero bila kungoja kivuko. Gari dogo, la kupendeza na lisilokula mafuta mengi, sasa ni jambo linalowezekana kwa mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa kata kama Lipangalala.

Pamoja na nafasi hiyo limeingia swali jipya ndani ya nyumba. Gari linapokusudiwa kutumiwa na mmoja wa wanandoa, mwenzake amsaidie kwa kiwango gani, na wapi aache uamuzi mikononi mwa atakayeliendesha?

Chukua mfano wa mwalimu wa kike anayeishi Lipangalala, ambaye mumewe ni mkulima wa mpunga. Mwalimu anataka gari jekundu, dogo, lenye kiyoyozi na redio nzuri, la kumfikisha kazini na kuwapeleka watoto shule. Mume, kwa nia njema, anaanza kutafuta gari lenye nafasi ya magunia. Wasipozungumza mapema, watanunua gari ambalo mwalimu hatalipenda na ambalo wakati wa mavuno halitakuwepo nyumbani. Fedha iliyochukua miaka kukusanywa itakuwa imetatua tatizo la mtu mwingine.

Msaada wa kweli ni kumwachia mwenza maamuzi yanayohusu ladha na starehe yake, kisha kushirikiana naye kupima mambo matatu ambayo hayana ladha: barabara, gharama na nyaraka.

Barabara kabla ya umbo

Lami ya Kidatu hadi Ifakara haimaanishi kuwa kila safari ya familia ni ya lami. Barabara nyingi za mitaa, zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ni za udongo au changarawe. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko, na mvua kubwa zinaponyesha Mto Lumemo hujaa na maji huweza kuingia katika makazi ya Ifakara. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni wanandoa kuandika safari za wiki nzima: nyumbani hadi kazini, sokoni, hospitalini, shambani, na zile za mara chache za kwenda Mlimba, Mahenge au Morogoro.

Ikiwa safari nyingi ni za ndani ya mji na kwenye lami, magari madogo kama Toyota Passo, Toyota IST au Mazda Demio yanaweza kutosha. Ikiwa kila wiki kuna safari ya shambani au njia yenye madimbwi, gari la juu zaidi, la aina ya Toyota RAV4, Nissan X-Trail au Subaru Forester, litakuwa na nafasi kubwa kati ya ardhi na tumbo la gari. Aina hizi zimetajwa kwa sababu zinafahamika nchini na si kwa lengo la kupendekeza kampuni yoyote. Gari lenye wenzake wengi barabarani huwa na mafundi wanaolijua na vipuri vinavyopatikana kwa urahisi, jambo lenye uzito kwa mkazi aliye mbali na maduka makubwa ya Dar es Salaam.

Hata hivyo, urefu wa gari usichukuliwe kuwa kinga dhidi ya maji. Injini huvuta hewa ili ifanye kazi, na ikivuta maji badala ya hewa inaweza kuharibika kwa dakika moja, liwe gari dogo au kubwa. Barabara iliyofunikwa na maji yanayotembea haifai kuvukwa kwa gari la aina yoyote.

Starehe ni haki ya dereva

Rangi, umbo, viti na muziki mara nyingi hudharauliwa kama mambo ya anasa. Gari lisilopendwa na mwenyewe huegeshwa, huazimwa na kucheleweshewa matengenezo. Katika sehemu hii, kazi ya mwenza ni kuuliza na kusikiliza.

Yapo mambo ya starehe ambayo pia ni ya usalama. Atakayeliendesha akae mwenyewe kwenye kiti kabla ya malipo. Miguu ifike kwenye pedali bila kujinyoosha, macho yaone mbele juu ya boneti, vioo vya pembeni vionyeshe vizuri, na usukani uwe mwepesi kwake. Mume mrefu akimjaribia gari mke mfupi, au kinyume chake, atakuwa amejipimia mwenyewe. Kwa joto la Bonde la Kilombero, kiyoyozi kijaribiwe wakati wa mchana, gari likiwa limesimama na likiwa linatembea.

Wapenda redio wafahamu jambo moja dogo linalowashangaza wanunuzi wengi wa magari kutoka Japani. Redio za FM za huko hutumia masafa ya megahezi 76 hadi 95, na redio nyingi za zamani huishia 90, ilhali stesheni za Tanzania ziko kati ya 87.5 na 108. Bila kifaa cha kubadilisha masafa, au redio mpya, stesheni nyingi hazitasikika. Skrini nayo huwa na maandishi ya Kijapani. Gharama hizi ni ndogo, lakini ziingizwe kwenye bajeti mapema.

Bei ya tangazo si bei ya gari

Sehemu hii ndiyo inayohitaji wanandoa kukaa pamoja na karatasi na kalamu. Gari lililotumika likiagizwa nje, bei inayoonekana kwenye tangazo ni mwanzo tu. Kodi hukokotolewa kwa thamani ya forodha, yaani thamani ya gari pamoja na bima na usafirishaji hadi bandarini. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo kwenye tovuti yake kinachotoa makadirio kwa kila aina, mwaka na ukubwa wa injini.

Mambo mawili hubadilisha kodi kwa kiasi kikubwa. La kwanza ni ukubwa wa injini: gari la abiria lisilozidi sentimita za ujazo 1,000 halitozwi ushuru wa bidhaa unaotokana na injini, linalozidi hapo hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi 2,000 asilimia 10. La pili ni umri: gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Umri huhesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa.

Tuseme magari mawili ya injini ya sentimita za ujazo 1,500 yana thamani ya forodha inayolingana, shilingi milioni 10. Moja lina miaka tisa na jingine miaka kumi na moja. Yote mawili yatatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, sawa na shilingi 2,500,000, na ushuru wa injini wa shilingi 625,000. La miaka tisa litaongezewa uchakavu wa shilingi 1,875,000 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, shilingi 2,700,000. Jumla shilingi 7,700,000. La miaka kumi na moja litaongezewa uchakavu wa shilingi 3,750,000 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya shilingi 3,037,500. Jumla shilingi 9,912,500. Tofauti ni shilingi 2,212,500, kabla ya tozo nyingine za forodha na usajili. Gari lenye tangazo la bei nafuu kwa sababu ya uzee linaweza kuwa ghali likifika. Kwa kuwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka huweza kubadilisha viwango, makadirio yafanywe upya kabla ya kuagiza.

Baada ya hapo kuna gharama za kila mwezi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika mwaka wa fedha 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Mwenye gari sasa hulipa kadiri anavyotembea. Familia inayosafiri kilomita 1,000 kwa mwezi itahitaji takribani lita 83 kwa gari linalotembea kilomita 12 kwa lita, na lita 125 kwa linalotembea kilomita 8. Tofauti ya lita 42 izidishwe kwa bei kikomo ya Ifakara, ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) huitangaza kila mwezi, ili wanandoa waone wanachokubali kulipa.

Bima nayo ina uamuzi wake. Sheria inalazimisha angalau bima ya kuwalinda watu wengine, yaani ile inayofidia madhara ambayo gari limewasababishia. Bima hiyo hailipi hasara ya gari lenyewe. Mkazi wa eneo linalofikwa na mafuriko anayechukua bima kubwa aulize waziwazi kama mafuriko yamo, na aombe jibu kwa maandishi. Uhalali wa bima huhakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Mali bila daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayeagiza nje, malipo yafanywe kwa akaunti ya kampuni inayouza na si ya mtu binafsi, gari likaguliwe ubora chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kodi zilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Kwa anayenunua gari ambalo tayari lina namba za Tanzania, namba ya chasisi ilinganishwe na iliyo kwenye kadi halisi, na ithibitishwe kuwa gari halijawekwa rehani. Madeni ya faini za barabarani yaangaliwe katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na ya maegesho katika mfumo wa TARURA. Mkataba wa mauziano uandikwe, kisha umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa. Gari lililouzwa bila kuhamishwa humfuata muuzaji kwa faini, na humwacha mnunuzi na gari ambalo kwa karatasi si lake.

Swali la mwisho ndilo ambalo familia nyingi huliacha hadi dakika ya mwisho: kadi iandikwe jina la nani? Mara nyingi jibu hutolewa na aliyekwenda Dar es Salaam kulipokea gari, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na namba ya mlipakodi mkononi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalipa jina hilo uzito. Kifungu cha 60 kinaeleza kuwa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja wa wanandoa itachukuliwa kuwa ni yake peke yake, hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa, pia hadi ithibitishwe vinginevyo. Na mali ambayo mmoja amempa mwenzake kama zawadi huchukuliwa kuwa ya aliyepewa. Mahakama inaweza kuangalia mchango wa kila mmoja, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinatambuliwa kuwa mchango. Lakini kuthibitisha mbele ya mahakama, iwe katika talaka au mirathi, ni safari ndefu kuliko kuandika jina sahihi siku ya kwanza.

Kwa mwalimu wa Lipangalala aliyechangia mshahara wake, au ambaye mumewe amemwambia kuwa gari ni zawadi yake, utaratibu ni mwepesi. Awe na Kitambulisho cha Taifa na namba yake mwenyewe ya mlipakodi kabla gari halijafika bandarini, nyaraka za forodha ziandaliwe kwa jina lake, na awe na leseni ya udereva ya daraja D. Mume abaki na kazi ya kumkagulia chasisi, kumhesabia kodi na kwenda naye kwa fundi. Kuhusu magunia ya mpunga, wakubaliane mapema kuwa yatakodiwa usafiri wakati wa mavuno, na gari jekundu libaki kuwa la aliyelichagua.