Nyumba Inayouzwa Bunia, Kabla Mnunuzi Hajabisha Hodi

Kuandaa nyumba ya kuuza ni kazi ya siku chache inayofanywa kabla mnunuzi hajakanyaga uani. Nyumba husafishwa na kurekebishwa, hupakwa rangi panapostahili, vitu vinavyobana vyumba huondolewa, na karatasi ambazo mnunuzi ataomba kuziona huwekwa tayari. Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri nchini Kongo (DRC), kazi hii huanza na nyingine iliyo ngumu kuliko kufagia, nayo ni kumshawishi mwenye nyumba kwamba ina maana. Mara nyingi anayebeba mzigo huo ni komisionere, yaani dalali, au mtoto wa kwanza wa familia aliyeachiwa suala la kuuza.

Mwenye nyumba haoni kasoro kwa sababu ameishi nazo. Mvua ikianza, mkono wake unajua wenyewe beseni liwekwe wapi. Mlango wa jikoni unaokwama huufungua kwa bega bila kufikiri. Juu ya hayo, kitu kilichoko mikononi mwa mtu humpandia thamani. Mwaka 1990 wataalamu watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na wanafunzi. Baadhi yao walipewa vikombe vya kawaida, wengine hawakupewa, kisha wakaachwa wauziane. Wenye vikombe walidai takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, na vikombe vyenyewe walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi tu. Nyumba ya Bunia haijengwi kwa muda mfupi. Matofali huchomwa msimu mmoja, msingi ukachimbwa msimu mwingine, manjanja, yaani mabati, ya paa yakanunuliwa biashara ilipokwenda vizuri, na saruji iliyotoka Uganda ikaletwa mifuko michache michache. Anayemwambia mzee aliyejenga hivyo kwamba sebule yake ina giza, hata akisema kweli, ameanza vibaya.

Zipo sababu nyingine za kukataa, na zinastahili kusikilizwa. Muuzaji husema kwamba mtu wa Bunia hununua kiwanja, wala rangi ya ukuta haimhusu. Mwingine anauza kwa sababu ya shida, ugonjwa au karo za shule, na hana hata pesa ya kopo moja la rangi. Kuna pia sababu ambayo haisemwi waziwazi: hataki majirani wajue. Akianza kupaka rangi na kutoa vitu nje, kartie nzima, yaani mtaa wote, itauliza kuna nini, na ndugu ambaye hakuhusishwa atakuja kudai sehemu yake.

Ushawishi unaofaulu hauanzi na lawama. Komisionere mzoefu humwomba mwenye nyumba watoke pamoja hadi barabarani, kisha waingie tena polepole kama wageni. Njia nyingine ni simu. Picha ya sebule ile ile ambayo macho yameizoea huonyesha waya unaoning'inia, doa la maji darini na rundo la magunia kwenye kona, na mwenye nyumba huyaona mwenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo hesabu inaweza kuzungumzwa. Mnunuzi anayeona doa la maji hajui kama tatizo ni msumari mmoja uliolegea au paa zima lililooza, kwa hiyo hukata bei kwa kadiri ya hofu yake. Kuziba tundu la msumari ni kazi ya asubuhi moja. Likiachwa, mnunuzi atatumia doa hilo kama hoja mpaka mwisho wa mazungumzo ya bei.

Hata hivyo, hofu kubwa ya mnunuzi wa Bunia haiko darini. Anayetembea katika miji ya Kongo, Bunia ikiwamo, huona kuta na malango yaliyoandikwa kwa rangi kwamba nyumba hii haiuzwi au kiwanja hiki hakiuzwi. Maneno hayo yana historia. Wakati wa vita vya Ituri kati ya 1999 na 2003, na hasa mapigano ya mjini ya Mei 2003, watu walikimbia na kuacha nyumba zao. Nyingine zilibomolewa, nyingine zikakaliwa na wasiozimiliki. Ghasia zilizorudi katika eneo la Djugu, jimboni humo humo, mwishoni mwa 2017 zilisukuma tena familia nyingi kuelekea mjini, na mahitaji ya viwanja yakaongezeka. Katika hali hiyo nyumba moja inaweza kuuzwa mara mbili, au kuuzwa na mpwa wakati mjomba yuko ukimbizini. Mnunuzi anapoingia uani, swali lake la kwanza ni kama atalala humo bila mtu kuja kumtoa. Ndiyo maana maandalizi ya nyumba mjini hapa yanapaswa kuanza na karatasi.

Sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali na raia hupewa haki ya kuutumia. Haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili, ambacho watu hukiita sertifika, kinachotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Cheti kikishatimiza miaka miwili, sheria hukilinda kiasi kwamba ni vigumu sana kukipinga. Wengi hawana cheti hicho. Wanachoshika ni karatasi ya mauziano ya zamani iliyotiwa saini na shefu wa kartie na mashahidi, pengine pamoja na mchoro wa kiwanja. Karatasi hiyo haifichwi wala haikuzwi: mnunuzi aelezwe tangu mwanzo ni ya aina gani, na kama mashahidi waliosaini wangali hai waombwe mapema wawe tayari kuulizwa. Mume au mke naye awe amekubali waziwazi, kwa kuwa Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka wanandoa wakubaliane kuhusu mali ya namna hii. Nyumba ya urithi isionyeshwe hata mara moja kabla ndugu wote hawajakaa na kuandika makubaliano yao. Mnunuzi akishuhudia ndugu wawili wakibishana uani, harudi, na habari humtangulia hadi kwa mnunuzi wa pili.

Kwa upande wa usalama wa muuzaji mwenyewe, wageni wanaokuja kuangalia waonyeshwe nakala tu. Karatasi halisi zitoke siku ambayo muuzaji na mnunuzi wanakwenda pamoja ofisini kwa konservatere kuzihakikisha.

Kiwanja kinafuata. Mawe ya mipaka yakiwa yamefunikwa na majani, au ua wa miti ukiwa umehamia kwa jirani mwaka hadi mwaka, mnunuzi atanusa ugomvi. Kufyeka majani, kuyaweka mawe wazi na kumwita jirani athibitishe mpaka mbele ya shefu wa avenyu kunaleta faida kubwa kuliko rangi yoyote. Jirani anayesalimiana vizuri na muuzaji siku ya kuonyesha nyumba ni sehemu ya nyumba hiyo.

Baada ya hapo ndipo inapofika zamu ya kuta. Udongo wa Bunia ni mwekundu, na maji ya mvua yanayoanguka kutoka kwenye manjanja huurusha ukutani, ukaacha utepe mwekundu unaofika magotini. Utepe huo huizeesha nyumba kuliko umri wake. Huoshwa kwa brashi na maji, kisha sehemu ya chini ya ukuta hupakwa rangi nzito, ya kijivu au kahawia, ambayo haitaonyesha matope tena. Sehemu ya juu inaweza kutosheka na chokaa. Mtaro mdogo unaopeleka maji mbali na msingi humwonyesha mnunuzi kwamba nyumba imetunzwa, hasa pale ambapo kiwanja kiko kwenye mteremko na mvua humomonyoa ardhi.

Ndani, kazi kubwa ni kupunguza. Nchini Marekani kupamba nyumba ya kuuza kumekuwa taaluma inayojitegemea. Barb Schwarz, wa jimbo la Washington, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1970, na wapo wanaokodi samani nzuri kwa ajili ya siku za maonyesho tu. Bunia haihitaji sofa za kukodi. Magunia ya mahindi na pikipiki iliyoharibika vikihamishiwa kwa ndugu kwa wiki mbili, na mapazia yakifunguliwa, chumba kitaonekana kikubwa zaidi. Picha za familia na kalenda za kanisa zinaweza kubaki chache. Kuzitoa zote, kama baadhi ya vitabu vya ng'ambo vinavyoshauri, huifanya nyumba ionekane kama imekimbiwa, na katika mji uliopitia hayo hiyo si sura nzuri ya kumwonyesha mnunuzi.

Mahali pawili huamua zaidi kuliko sebule: jiko na choo. Jiko la nje lenye masizi ya miaka mingi linaweza kukwaruzwa na kupakwa chokaa kwa siku moja. Choo cha shimo ndicho ambacho muuzaji hutamani kisionwe, nacho ndicho mke wa mnunuzi atakachokwenda kukiangalia. Kifagiliwe, kimwagiwe majivu, mlango wake ufungike, na muuzaji awe tayari kusema ukweli kuhusu kina cha shimo na mwaka lilipochimbwa. Hali kadhalika kwa maji. Kama bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, lipo, lifunguliwe mbele ya mgeni, na kama maji hutoka siku kadhaa tu kwa wiki atajiwe siku hizo. Kama familia huteka kisimani au kwenye chemchemi, njia ionyeshwe na umbali utajwe kama ulivyo kwa mtu aliyebeba bidoni.

Ukweli huu una uzito wa kisheria. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo imeendelea kuwa msingi wa sheria ya mauziano Kongo, inamtwika muuzaji dhamana mbili: mnunuzi akae bila kusumbuliwa na mwenye madai mengine, na kitu alichonunua kisiwe na kasoro zilizofichika. Kupaka plasta juu ya ufa unaoendelea kupanuka, au kubandika ubao mpya juu ya fremu iliyoliwa na mchwa, si maandalizi; ni kutega mtego ambao utamrudia muuzaji. Ufa urekebishwe kweli, au usemwe na bei ishuke. Hapa komisionere anayejali jina lake humkatalia mteja wake, hata kama kukataa huko kutachelewesha malipo yake.

Nyumba yenye wapangaji inahitaji mazungumzo ya ziada. Mpangaji anayesikia habari ya mauzo kutoka kwa mgeni aliyesimama mlangoni ataonyesha chumba kwa uso uliokunjwa, na atamweleza mnunuzi kila tundu la panya. Ana haki ya kuhofia: chini ya sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015, dhamana aliyotoa kwa makazi hairuhusiwi kuzidi miezi mitatu ya kodi, lakini kwake miezi hiyo mitatu ni fedha nyingi, na anataka kujua nani atamrudishia. Akielezwa mapema na kuandikiwa, atafagia chumba chake mwenyewe.

Si kila nyumba inastahili gharama. Nyumba ya potopoto, yaani ya udongo, iliyoegama, kwenye kiwanja kizuri karibu na barabara kubwa, itabomolewa na yeyote atakayeinunua. Kuipaka rangi ni kutupa pesa. Hapo yule muuzaji anayesema mnunuzi hununua kiwanja yuko sahihi kabisa, na komisionere anapaswa kumkubalia na kuweka nguvu zote kwenye mipaka, karatasi na njia ya gari kuingia. Lakini nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo mnunuzi anakusudia kulala humo mwezi ujao ni suala jingine, na kuziweka zote kapu moja ndilo kosa linalowagharimu wengi.

Saa ya kuonyesha pia huchaguliwa. Asubuhi ni bora, jua likiwa limekausha umande na barabara haijawa na vumbi la mchana. Kati ya Desemba na Februari, kipindi cha ukavu, vumbi hufunika kila kitu, kwa hiyo vitu vifutwe siku ile ile. Katika miezi ya mvua ni heri mnunuzi aje mara moja baada ya mvua kubwa, aone paa lisilovuja na mtaro unaofanya kazi. Usiku haufai, kwa usalama wa pande zote mbili. Kwa mnunuzi aliyeko Butembo, Kampala au Ulaya, anayetazama kwa WhatsApp, video ianze barabarani, ipite langoni na kuzunguka kiwanja chote kabla ya kuingia ndani, bila kukatwa, kwa sababu video iliyokatwakatwa humfanya ajiulize ni nini kimerukwa.

Mbwa afungwe, watoto watumwe kwa shangazi, na mtu mmoja tu azungumze bei. Kama langoni bado kuna maneno kwamba nyumba haiuzwi, yafutwe asubuhi hiyo kabla mgeni hajafika. Mauzo yakikamilika, wapo wanunuzi ambao huyarudisha pale pale kwa rangi mpya, kabla hata ya kuhamishia kitanda.