Shafti ya mashine ya kusaga: Pima kina kabla ya kulipa

KWA mwenye mashine ya kusaga nafaka, hakuna linaloudhi kama kuona mota inanguruma, mkanda umekaza, puli inazunguka, lakini unga hautoki. Akifungua hukuta puli inazunguka peke yake juu ya shafti.

Mkoani Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mahindi na mpunga ni mazao makubwa. Mashine ikisimama wakati wa mavuno, mteja hangoji. Hubeba debe lake akaenda kwa jirani. Ndiyo maana wenye mashine wa Mpanda na vijiji vyake hukimbilia karakana kuchongesha shafti mpya.

Kinachoshikanisha shafti na puli ni kipande kidogo cha chuma, ambacho mafundi hukiita kii. Nusu yake hulala kwenye mfereji uliochongwa juu ya shafti, nusu nyingine huingia kwenye puli. Uzima wa mashine unategemea kina cha mfereji huo.

Kwa vipimo vya kawaida vya milimita, shafti ya milimita 40 hutumia kii chenye upana wa milimita 12 na kimo cha milimita 8. Mfereji wa shafti huwa na kina cha milimita 5, na wa puli milimita 3.3. Fundi akichonga milimita 4 tu, kii hujitokeza mno na puli haiingii. Akiipiga kwa nyundo, puli ya chuma cha kalibu inaweza kupasuka. Akichonga milimita 7, kii hushika puli kidogo sana, huchomoka, na shafti yenyewe hudhoofika.

Kosa hilo mara nyingi huanzia kwenye spindeli, yaani mhimili unaoshika kisu cha mashine ya kuchonga chuma. Kisu chenye makali ya kujipinda huweza kuivuta spindeli chini wakati wa kukata. Fundi makini huikaza isicheze, kisha huongeza kina kwa kupandisha meza, siyo kwa kushusha spindeli.

Kwanza hugusisha kisu kwenye mgongo wa shafti, katikati kabisa, na hapo huweka pete ya namba kwenye sifuri. Halafu hukata kidogo kidogo mpaka kufikia kipimo. Akipitiliza wakati wa kupanga kina, hushusha meza kuliko inavyohitajika, kisha huipandisha tena taratibu, kwa kuwa skrubu huwa na ulegevu na namba zinaweza kumdanganya.

Mwenye mashine naye anaweza kukagua kazi bila kuwa fundi. Omba venia, pima kutoka chini ya mfereji hadi upande wa pili wa shafti. Shafti ya milimita 40 isomeke 35. Ya milimita 35 isomeke 30, na ya milimita 50 isomeke 44.5.

Mashine nyingine, hasa za zamani, zina vipimo vya inchi. Kwa hiyo usiende karakana mikono mitupu. Beba shafti iliyoharibika, puli na kii chake. Puli ikaingizwe mbele yako, nawe uitikise kwa mkono. Ikicheza, usilipe kwanza. Ni nafuu kurudisha shafti ukiwa bado Mpanda mjini kuliko ukiwa umeshaifunga kijijini, foleni ya madebe ikiwa mlangoni.