Ghost Mulee: Kocha aliyepata makao mbele ya kipaza sauti

WAKAZI wa Kangemi, Uthiru na Kikuyu wanaosafiri kwa matatu kuelekea katikati ya jiji la Nairobi hupitia Barabara ya Waiyaki, na kabla ya kuingia mjini hupita Westlands, kwenye jengo la Lion Place. Ni katika jengo hilo ambamo kampuni ya Radio Africa iliweka studio zake, ikiwemo Radio Jambo inayotangaza kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi abiria hao wamekuwa wakipita chini ya madirisha ya mtu ambaye sauti yake, wakati uo huo, ilikuwa ikitoka katika spika zilizo juu ya vichwa vyao.

Mtu huyo ni Jacob Mulee, almaarufu Ghost. Kizazi cha sasa humfahamu zaidi kwa kipindi cha asubuhi alichoendesha pamoja na Joseph Ogidi, yaani Gidi, aliyekuwa nusu ya kundi la Gidi Gidi Maji Maji lililovuma kwa kibao ‘Unbwogable’ wakati wa kampeni za uchaguzi wa 2002. Waliopita umri wa miaka 35 hivi wana kumbukumbu nyingine. Kwao, Mulee ni kocha aliyeirejesha Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Fainali hizo zilifanyika nchini Tunisia mwaka wa 2004. Kenya ilikuwa imefuzu Julai 2003 kwa kuilaza Cape Verde 1-0 jijini Nairobi, bao likifumwa na chipukizi Dennis Oliech. Huko Tunisia mambo yalianza vibaya: Stars ilichapwa 3-1 na Mali, kisha ikalimwa 3-0 na Senegal. Katika mechi ya mwisho ya kundi, tayari ikiwa imekata tamaa ya kusonga mbele, iliizima Burkina Faso 3-0 kwa mabao ya Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali hizo, na aliyekuwa kwenye benchi ni Mulee.

Katika nchi nyingi matokeo kama hayo humjengea kocha msingi wa kazi ya miaka kadhaa. Nchini Kenya hali ilikuwa tofauti. Miezi michache tu baadaye, mwaka uo huo wa 2004, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) liliipiga Kenya marufuku kutokana na mivutano ya uongozi, na likafanya hivyo tena mwaka wa 2006. Kati ya marufuku hizo mbili aliletwa Mfaransa Bernard Lama, mlinda lango aliyekuwa katika kikosi cha Ufaransa kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka wa 1998. Nyota huyo alikaa muda usiozidi miezi michache, akaenda zake. Mfaransa mwingine mwenye jina kubwa, Henri Michel, aliajiriwa mwaka wa 2012 na hakufikisha hata mwaka mmoja. Mbelgiji Adel Amrouche alipofutwa mwaka wa 2014 alishtaki, na Kenya ikaishia kuamriwa imlipe zaidi ya Sh100 milioni.

Orodha hiyo inaeleza jambo moja muhimu. Kwa Mwafrika Mashariki mwenye familia na karo za kulipa, kiti cha kocha wa timu ya taifa si ajira ya kutegemewa. Lama angeweza kurejea Ulaya. Amrouche alikuwa na mawakili. Kocha mzalendo alikuwa na nini? Mulee mwenyewe alikabidhiwa timu, akaondoka, akaitwa tena, na mwishoni mwa 2010 akajiuzulu kufuatia matokeo duni. Mshahara wa redio, kwa upande mwingine, hausubiri refa apulize kipenga.

Ni vyema kukumbuka kwamba mlango huo wa redio haukuwapo zamani. Kwa miongo mitatu baada ya uhuru, redio nchini ilikuwa moja: Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa jina na kuwa KBC mwaka wa 1989, yenye makao yake Barabara ya Harry Thuku, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliotangaza mpira kutoka huko walikuwa watangazaji kwa taaluma, si wachezaji. Aliyewika kuliko wengi ni Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyejiunga na kituo hicho mwaka wa 1964 na kufariki Februari 2025. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kilichonyooka, na kiliweza kumfanya msikilizaji wa Busia aone uwanja ambao hajawahi kuukanyaga.

Mbotela ndiye aliyeeneza tamko “Kadenge na mpira”, ambalo hadi leo Wakenya hulitumia hata wasipojua limetoka wapi. Mwenye jina, Joe Kadenge, alikuwa mshambulizi hatari wa miaka ya 1950 na 1960. Taifa zima lilimjua kwa kulisikia jina lake redioni. Hata hivyo, Kadenge alipotundika daluga hakualikwa kukaa mbele ya kipaza sauti hicho kilichompa umaarufu. Alifika mahali akawa dereva wa teksi jijini Nairobi, na aliaga dunia Julai 2019. Si kwamba hakuwa na la kusema kuhusu soka. Ni kwamba redio ya wakati huo haikuona haja ya kumwuliza.

Huko Ufaransa, kwa kulinganisha, mabingwa wa 1998 walipomaliza kucheza walipokelewa na vyombo vya habari kwa mikono miwili. Beki Bixente Lizarazu alikuwa mchambuzi wa mechi za timu ya taifa katika runinga ya TF1, naye Christophe Dugarry akapata kipindi chake redioni. Wao walizungumzia mpira waliokwisha kuuacha. Kenya ilipofungua mawimbi yake kwa kampuni za kibinafsi kuanzia miaka ya 1990, vituo vilianza kuwinda sauti ambazo umma tayari unazifahamu, na ndipo watu wa soka, akiwemo Mulee, walipopata nafasi.

Lakini redio iliyompokea haikutaka mpira peke yake. Kipande kilichokipa kipindi hicho cha asubuhi wasikilizaji wengi ni ‘Patanisho’, ambapo mtu aliyekosana na mumewe, mkewe au jamaa yake huomba apigiwe simu hewani ili wasuluhishwe. Hivyo basi, kocha aliyewahi kupanga mbinu za kuwazuia Kanouté na wenzake alijikuta akimbembeleza mume wa mtu arudi nyumbani. Wapo wanaoona hilo kuwa kejeli. Huenda si kejeli kubwa sana. Kocha yeyote aliyewahi kuishi kambini na wachezaji ambao hawajalipwa marupurupu anaelewa usuluhishi. Wapenzi wa Kiswahili sanifu nao wana haki ya kunung’unika, kwani lugha ya Westlands ni ya Nairobi, yenye sheng’ na utani, mbali kabisa na ile ya Mbotela. Ila ndiyo lugha ya ndani ya matatu.

Kazi hizo mbili ziligongana Oktoba 2020, Mulee alipoteuliwa tena kuinoa Harambee Stars kumrithi Francis Kimanzi. Sasa kocha wa taifa alikuwa mtu ambaye mamilioni wamezoea kucheka naye wakinywa chai. Ukaribu huo ni silaha yenye makali pande zote mbili. Shabiki humvumilia kwa muda mtu anayehisi anamjua. Akichoka, humkosoa bila staha kama anavyomkosoa ndugu yake. Kocha wa kigeni akipoteza mechi hujifungia hotelini, hajui hata anasemwa vipi. Mtangazaji hana pa kujificha.

Mechi zenyewe zilikuwa ngumu. Novemba 2020 Stars ilitoka sare ya 1-1 na Comoros uwanjani Kasarani, na siku nne baadaye ikapoteza 2-1 ugenini Moroni. Machi 2021 iliikaba Misri 1-1 jijini Nairobi, kisha ikaishinda Togo 2-1 mjini Lomé, lakini tiketi ya kwenda Cameroon ilikuwa imeshapotea. Kombe la Dunia nalo likabisha hodi Septemba: sare tasa dhidi ya Uganda nyumbani, na sare ya 1-1 na Rwanda mjini Kigali. Haikuwa rekodi ya aibu. Timu ilikuwa imefungwa mara moja tu katika mechi hizo sita za mashindano, ingawa ushindi nao ulikuwa mmoja tu.

Katikati ya mwezi huo ilitangazwa kwamba pande mbili zimekubaliana kuachana. Nafasi ilichukuliwa na Mturuki Engin Fırat, ambaye katika mechi yake ya kwanza, Oktoba 2021, alishuhudia vijana wake wakinyukwa 5-0 na Mali. Februari iliyofuata FIFA iliifungia Kenya tena, na kwa miezi tisa hapakuwa na timu ya taifa ya kumpa kocha yeyote kazi. Mulee alikuwa amekwisha kurudi Westlands.