Ruzuku za sola na betri za nyumbani nchini Australia

Ruzuku za sola na betri za nyumbani nchini Australia ni mipango ya serikali inayopunguza gharama ya kufunga paneli za sola na betri za kuhifadhia umeme katika nyumba za watu na biashara ndogo. Mpango mkubwa zaidi ni wa taifa zima, nao husimamiwa na Mdhibiti wa Nishati Safi, taasisi ya serikali ya shirikisho. Baadhi ya majimbo yana mipango yake ya ziada.

Kwa kawaida mwenye nyumba hapokei fedha mkononi. Anachopata ni haki ya vyeti vinavyouzwa sokoni, na thamani ya vyeti hivyo hukatwa kwenye bei anayolipa kwa kampuni inayomfungia mfumo. Kiasi cha punguzo hutegemea ukubwa wa mfumo, mahali nyumba ilipo na tarehe ya kufungwa. Punguzo hilo hushuka mwaka hadi mwaka, na mpango umewekwa kwisha mwishoni mwa mwaka 2030.

Historia

Mwaka 2000 serikali ya Australia ilianza kuwalipa fedha watu waliofunga paneli za sola nyumbani. Mwaka 2007 kiwango cha juu cha malipo kiliongezwa mara mbili hadi kufikia dola 8,000 (dola zote katika makala hii ni za Australia). Mwaka 2008 kaya zenye kipato cha zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka ziliondolewa kwenye mpango, na mwezi Juni 2009 mpango huo ulifungwa.

Wakati huohuo kulikuwa na njia ya pili. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 iliyalazimu makampuni yanayouza umeme kununua vyeti vinavyothibitisha kwamba sehemu ya umeme inatokana na nishati jadidifu. Soko la vyeti hivyo lilianza mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2012 mifumo midogo ya sola ilipewa vyeti vya ziada. Mwanzoni kilowati 1.5 za kwanza zilihesabiwa mara tano. Mwaka 2011 soko liligawanywa sehemu mbili, moja kwa ajili ya mitambo mikubwa na nyingine kwa mifumo midogo. Vyeti vya mifumo midogo hufahamika kwa kifupi kama STC.

Kufikia mwisho wa mwaka 2024 zaidi ya mifumo milioni nne ya sola ilikuwa imefungwa juu ya mapaa nchini humo. Tarehe 1 Julai 2025 mpango ulipanuliwa ili uhusishe pia betri za nyumbani.

Jinsi punguzo la sola linavyohesabiwa

Cheti kimoja huwakilisha megawati-saa 1 ya umeme ambao mfumo unatarajiwa kuzalisha tangu mwaka uliofungwa hadi mwaka 2030. Vyeti vyote hutolewa mara moja, kabla umeme wenyewe haujazalishwa. Hesabu yake ni kama ifuatavyo: ukubwa wa mfumo kwa kilowati huzidishwa kwa kiwango cha kanda, kisha kwa idadi ya miaka iliyobaki. Sehemu isiyofikia cheti kizima huachwa.

Nchi imegawanywa katika kanda nne kulingana na nguvu ya jua. Sydney, Brisbane na Perth zimo katika kanda ya 3, yenye kiwango cha 1.382. Melbourne na Hobart, zilizo kusini zaidi, zimo katika kanda ya 4, yenye kiwango cha 1.185.

Kwa mfano, mfumo wa kilowati 6.6 uliofungwa Sydney:
- mwaka 2016 ulihesabiwa miaka 15, ukapata vyeti 136;
- mwaka 2026 unahesabiwa miaka 5, unapata vyeti 45;
- mwaka 2030 utahesabiwa mwaka 1, utapata vyeti 9.

Mfumo huohuo ukifungwa Melbourne mwaka 2026 hupata vyeti 39.

Katika ofisi ya mauzo ya Mdhibiti, bei ya cheti kimoja ni dola 40. Kwenye soko huria bei huwa chini kidogo, lakini anayeuza hapo hulipwa mapema. Kwa bei ya dola 40, vyeti 45 vina thamani ya dola 1,800. Wakala anayevishughulikia hukata gharama zake, hivyo punguzo analopata mwenye nyumba huwa dogo kuliko kiasi hicho.

Jinsi punguzo la betri linavyohesabiwa

Betri haizalishi umeme, kwa hiyo vyeti vyake huhesabiwa kwa kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi na kutoa. Betri inayokubaliwa ni ya kilowati-saa 5 hadi 100, lakini ni kilowati-saa 50 za kwanza tu zinazopewa vyeti. Ni lazima iunganishwe na paneli za sola, ziwe mpya au zilizokuwapo tangu awali.

Mpango ulipoanza mwaka 2025, kila kilowati-saa ilipata vyeti 9.3. Betri ya kilowati-saa 10 ilipata vyeti 93, vyenye thamani isiyozidi dola 3,720. Serikali ilikadiria kwamba punguzo lingefikia karibu asilimia 30 ya bei.

Watu wengi walinunua betri kubwa kuliko ilivyotarajiwa, na bajeti ya awali ya dola bilioni 2.3 ikaonekana kuwa ndogo. Desemba 2025 serikali ilitangaza kwamba bajeti ingeongezwa hadi takriban dola bilioni 7.2, na kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 2026 kiwango kingeshuka hadi vyeti 6.8. Chini ya utaratibu huo kilowati-saa 14 za kwanza huhesabiwa zote, zile za kati ya 14 na 28 huhesabiwa kwa asilimia 60, na za kati ya 28 na 50 kwa asilimia 15. Betri ya kilowati-saa 28, ambayo mwaka 2025 ilipata vyeti 260, hupata vyeti 152 kwa hesabu hiyo mpya.

Hatua za kupata punguzo

Hatua ya kwanza ni kupata makadirio ya bei kutoka kwa makampuni kadhaa. Makadirio yanayofaa kulinganishwa huonyesha bei kamili, idadi ya vyeti, thamani ya kila cheti na bei inayobaki baada ya punguzo. Makadirio yanayotaja bei ya mwisho peke yake hayamwezeshi mnunuzi kujua kama amepewa thamani yote ya vyeti vyake.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba vifaa na fundi wanakubalika. Paneli, inveta na betri lazima ziwe kwenye orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa, inayotunzwa na Baraza la Nishati Safi. Fundi lazima awe na ithibati ya Solar Accreditation Australia, shirika lililochukua kazi hiyo mwaka 2024. Kampuni ya nyaya za umeme ya eneo hilo pia inapaswa kukubali mfumo uunganishwe kwenye gridi.

Hatua ya tatu ni ufungaji. Fundi mwenye ithibati anatakiwa kuwapo mahali pa kazi wakati wa kuanza, katikati ya kazi na wakati wa majaribio ya mwisho, na kuthibitisha hivyo kwa picha. Sharti hilo linalenga kuzuia tabia ya fundi kuazimisha jina lake kwa kazi asiyoisimamia.

Hatua ya nne ni vyeti vyenyewe. Mwenye nyumba anaweza kuviomba na kuviuza yeye mwenyewe, lakini hapo hulipa bei kamili kwanza kisha akasubiri mauzo. Wengi husaini fomu inayohamishia haki hiyo kwa wakala aliyesajiliwa, mara nyingi kupitia kampuni iliyofunga mfumo, na kupata punguzo papo hapo. Akishasaini, hawezi kuvidai tena. Vyeti lazima viombwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ufungaji. Mdhibiti huvikagua, na mfumo usiotimiza masharti hukataliwa. Ndiyo maana mkataba unapaswa kueleza ni nani atakayebeba hasara iwapo vyeti vitakataliwa.

Mipango ya majimbo

Punguzo la taifa linaweza kuambatana na msaada wa jimbo. Victoria hutoa hadi dola 1,400 kwa paneli za sola pamoja na mkopo usio na riba, kwa kaya zenye kipato kisichozidi dola 210,000 kwa mwaka. Australia Magharibi ilianza Julai 2025 kutoa hadi dola 1,300 kwa betri za wateja wa kampuni ya Synergy na hadi dola 3,800 kwa wateja wa Horizon Power, inayohudumia maeneo ya mbali.

Anayepokea msaada wa Australia Magharibi hulazimika kujiunga na mpango wa VPP, ambamo betri nyingi za majumbani huendeshwa pamoja kana kwamba ni kituo kimoja cha umeme. Mpango wa taifa unataka betri iliyounganishwa na gridi iwe na uwezo wa kujiunga na VPP, lakini haumlazimishi mwenye nyumba kujiunga.

Manufaa na mipaka yake

Zamani faida kubwa ya sola ilitokana na kuuza umeme kwenye gridi. Jimbo la New South Wales liliwahi kulipa senti 60 kwa kila kilowati-saa, mpango uliokwisha tarehe 31 Desemba 2016. Baadaye mapaa yenye paneli yaliongezeka, umeme wa mchana ukawa mwingi na malipo yakashuka chini kabisa ya bei ya kununua umeme. Kwa sababu hiyo betri inayohifadhi umeme wa mchana kwa matumizi ya jioni imekuwa na manufaa zaidi.

Hata hivyo, si kila betri huwasha taa umeme wa gridi unapokatika. Huduma hiyo huhitaji vifaa na nyaya za ziada, ambazo hutajwa peke yake kwenye makadirio.

Nani hulipa

Vyeti vya sola hununuliwa na makampuni yanayouza umeme, nayo hurudisha gharama hiyo kwenye ankara za wateja wote. Vyeti vya betri hununuliwa na serikali, yaani kwa fedha za walipa kodi. Katika sensa ya mwaka 2021 karibu theluthi moja ya kaya za Australia zilikuwa za wapangaji. Mpangaji hana mamlaka juu ya paa la nyumba anayoishi, na mkazi wa ghorofa hulazimika kukubaliana na wenzake kuhusu paa la pamoja. Watu hao huchangia gharama ya ruzuku lakini ni vigumu kwao kuipata.

Wanaotetea mpango husema kwamba betri hupunguza mahitaji ya umeme wakati wa jioni, ambapo bei huwa juu, na kwamba nafuu hiyo huwafikia hata wasio na sola. Wakosoaji hujibu kwamba nafuu ya namna hiyo huja polepole, ilhali punguzo humfikia mwenye nyumba siku ileile anapolipa.