Alama Nyekundu ya Damu kwenye Ngozi ya Mtoto



Mtoto wako akiwa na alama nyekundu usoni, usiichome wala usiipake dawa kali. Si laana, wala si kosa la mama. Ni mishipa midogo ya damu iliyozidi au kupanuka ndani ya ngozi.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza hutokea majuma machache baada ya kuzaliwa, huvimba upesi miezi 5 ya kwanza, kisha hunywea polepole kwa miaka. Mwaka 2008 waganga wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya moyo, huipunguza. Usiinunue mwenyewe dukani: ni daktari tu anayeitoa.

Ya pili ni bapa, huwapo siku ya kuzaliwa, wala haiishi yenyewe. Hiyo hutibiwa kwa leza. Mwanga wa manjano, wa nanomita 595, humezwa na wekundu wa damu; damu hupata moto, na mshipa hufungwa. Kazi hurudiwa mara nyingi. Lakini weusi wa ngozi yetu nao humeza mwanga huo, hivyo asiye fundi huweza kumwunguza mtoto. Macho hufunikwa, kama ya mchomeleaji wa vyuma.

Wazazi wa Eringeti, alama ikiwa karibu na jicho au mdomo, au ikifanya kidonda, msingoje: mpelekeni mtoto hospitali ya Oicha au Beni. Ikitoka damu, ikandamizeni kwa kitambaa safi dakika 10, bila kuachia.